Mngurumo haubebi mzigo

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilipigiwa simu kutoka Oman na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa huko. Tulipokwisha kujuliana hali na kuulizana habari za wazee, akaniambia, "Mjomba, nataka shauri lako." Nikadhani ni shauri la arusi, maana najua ana mchumba na siku zimekaribia. Kumbe ni shauri la gari!

Kijana anatafuta pikapu kubwa ya Kimarekani, katika zile zilizoenea katika barabara za Arabuni. Aitaka kwa kwendea kazini siku zote, na mwisho wa juma aifungie tela avute mashua yake ya uvuvi mpaka pwani. Muuzaji amemwonyesha mbili zilizofanana kama mapacha, kwa umbo, kwa viti, hata kwa rangi. Tofauti yao imo chini ya boneti. Moja ina injini kubwa ya silinda nane, ile iitwayo V8. Ya pili ina injini ndogo ya silinda sita, lakini imetiwa tabo. Hii ya pili bei yake ni nafuu na haili petroli sana, na moyo wa kijana umeielekea, kwa kuwa kila riali atakayoiokoa ataitia katika mahari na nyumba.

Lakini kila anayemweleza humcheka. Ndugu zake wamwambia kuwa pikapu kubwa yenye injini ndogo ni kama mtoto aliyevaa joho la babake. Rafiki zake wamwambia akipita mtaani atasikika kama cherehani. "Na wewe mwenyewe, Mjomba," akamalizia, "ulitwambia tangu utoto wetu kwamba tabo ni balaa."

Hapo nikanyamaza. Ni kweli niliyasema hayo, tena si mara moja. Niliyasema barazani, nikayasema arusini, nikayasema kila palipozungumzwa magari. Leo nataka kuyafuta, na kwa kuwa niliyasema mbele za watu, ni haki niyafute mbele za watu.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1986. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori lililokuwa likichukua mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na lilikuwa ndilo lori langu la kwanza lenye tabo. Siku hiyo tulipanda kutoka Mtito Andei tukiwa na shehena nzito, jua la utosi, injini imechemka kweli kweli. Tulipofika Emali nikaegesha, nikazima injini papo hapo, tukashuka kunywa chai na taniboi wangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yangu kila safari. Tena nilikuwa nimeshaahirisha kubadilisha oili zaidi ya mara mbili, nikijiona hodari wa kubana matumizi ya tajiri. Hatukufika mbali baada ya chai. Tulisikia mlio kama wa filimbi, kisha moshi mzito wa samawati, kisha nguvu zote zikatoweka. Tabo ilikuwa imekufa, na mimi nikalaumiwa, nami nikailaumu tabo. Nimeilaumu miaka arobaini.

Sasa natuzame kidogo tuone hiyo tabo ni kitu gani, maana wengi twaitaja na wachache twaijua. Aliyeandikisha fikira hiyo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Kazi yake si ya ajabu kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya karakana ya mhunzi. Makaa ni yale yale na jiko ni lile lile, lakini mhunzi anapovuta mivukuto na kupuliza pumzi ndani, moto hupanda mpaka chuma kikawa chekundu. Injini nayo ni hivyo. Petroli haiwaki bila hewa, na silinda ndogo huweza kuvuta hewa ndogo tu. Tabo huchukua moshi wa moto uliokuwa ukienda kupotea katika ekzosi, ikautumia kuzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo likazungusha jenzake linalosindika hewa ndani ya injini. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na ekseli yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo injini ndogo hupata hewa ya injini kubwa pale inapoihitaji, na isipoihitaji hurudi kuwa ndogo.

Basi je, nguvu zipo au hazipo? Tutazame Ford F-150, ambayo ni pikapu mashuhuri kabisa huko Marekani. Ni katika gari za mwaka 2011 tu, si zamani sana, ilipotiwa injini ya silinda sita ya lita 3.5 yenye tabo mbili, ikauzwa bega kwa bega na V8 ya lita 5.0. Ile ya silinda sita ilikuwa na nguvu za farasi 365, na V8 ilikuwa na 360. Katika nguvu ya kuvuta, ambayo Wamarekani huipima kwa pauni-futi, ndogo ilitoa 420 na kubwa ikatoa 380. Tena ndogo ilizitoa injini ikizunguka mara 2,500 tu kwa dakika, na kubwa ilibidi ifike 4,250. Mtu anayeng'oa mashua majini kwenye mteremko wa mchanga, nguvu anazozitaka ni zile za chini, si zile zinazokuja baada ya kelele nyingi.

Mwaka 2015 ikaja ndogo zaidi, ya lita 2.7. Hiyo haikuishinda V8 kwa nguvu, nami sitaki kudanganya mtu. Lakini kwa vipimo vya serikali ya Marekani, pikapu hiyo isiyokuwa ya magurudumu manne ya kuvuta ilikwenda maili 22 kwa galoni yao moja, ikichanganywa safari za mjini na za barabara kuu, na V8 ikaenda maili 18. Ukizigeuza hesabu hizo, mtu aendaye kilomita 20,000 kwa mwaka huokoa yapata lita 475 za petroli. Kijana anayejenga nyumba azipime lita hizo kwa bei ya alipo, kisha aseme kama ni kitu au si kitu.

Wenzetu wa hapa watasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha! Tutazame bandarini kwetu Kilindini. Meli kubwa za makontena zinazotia nanga pale husukumwa na injini za dizeli zenye tabo. Malori yanayotoka hapo na makontena mgongoni kwenda Malaba, mengi yana tabo. Na kwa sisi tunaopanda bara kutoka usawa wa bahari, tabo ina faida nyingine. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua, na Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700. Injini isiyokuwa na tabo hudhoofu kwa kukosa pumzi, hata ikiwa kubwa. Yenye tabo hujisukumia hewa na hudhoofu kidogo sana. Madereva wa zamani wanakumbuka jinsi malori yalivyokuwa yakitweta kupanda Limuru.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Naamini kwamba kicheko anachochekwa mpwa wangu si cha uhandisi, ni cha fahari. Kampuni inayotengeneza pikapu za Ram iliondoa V8 yake ya Hemi ya lita 5.7 katika pikapu zake nyepesi za mwaka 2025, ikaweka injini ya silinda sita ya lita 3.0 yenye tabo mbili. Wateja wakanuna. Mwezi wa Juni 2025 kampuni ikatangaza kuirudisha V8. Na ajabu yake ni hii: V8 iliyorudishwa ina nguvu za farasi 395, na ile ya silinda sita, hata katika daraja lake la chini, ina 420. Watu walililia injini iliyo dhaifu zaidi kwa sababu yanguruma vizuri zaidi!

Simlaumu mtu kwa kupenda sauti ya gari lake. Fedha ni zake na masikio ni yake. Lakini sisi tuna mizani yetu. Tumefundishwa tusifuje hata maji ya udhu, na kwamba kutenda jambo ili watu waone ni maradhi ya moyo. Mtu akinunua injini kubwa kwa kuwa kazi yake yaitaka, amenunua chombo. Akiinunua kwa kuwa aona haya mbele za rafiki zake, amenunua macho ya watu, na macho ya watu hayana bei ya mwisho. Wazee wetu walisema, ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Nyumba ngapi zimeingia katika deni hapa kwetu kwa ajili ya arusi ya siku tatu? Mngurumo nao ni arusi ya kila siku, na petroli ndiyo pilau yake.

Hata hivyo, shauri la haki lina pande mbili. Tabo ikivutishwa mzigo mzito mchana kutwa, ile nafuu ya petroli huyeyuka, kwa sababu hewa nyingi huandamana na petroli nyingi. Anayevuta tela zito kila siku ya Mungu, au anayekaa mbali na fundi mwenye ujuzi, akichagua V8 isiyo na tabo sitamcheka. Vyombo vya kuharibika ndani yake ni vichache. Na asiambiwe mtu kwamba ndogo ndizo zinazokufa. Mwaka 2024 Toyota iliziita kiasi cha gari 102,000 huko Marekani, zikiwamo pikapu za Tundra zenye injini ya V6 na tabo mbili, kwa kuwa vumbi la chuma la kiwandani liliachwa ndani ya injini. Mwaka uliofuata General Motors ikaziita karibu gari 600,000 huko huko kwa kasoro ndani ya V8 ya lita 6.2, isiyokuwa na tabo kabisa. Kosa la fundi halichagui ukubwa.

Basi nikamwambia mpwa wangu hivi. Ichukue ile ndogo, kwa kuwa mashua yako si meli na safari ya kuivuta ni ya mara moja kwa juma. Lakini jua ya kuwa umechukua amana. Oili uibadilishe kwa wakati wake na iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, si ile aliyokuwa nayo mwenye duka. Chujio la hewa ulitazame mara kwa mara, kwa kuwa vumbi la jangwa ni adui wa yale magurudumu madogo. Asubuhi usiikanyage kwa nguvu kabla oili haijapata moto. Na ukimaliza kupanda mlima na mzigo, usizime papo hapo. Ngoja dakika moja au mbili ipoe, ulete uradi. Tabo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji pia, lakini subira haijamharibia mtu gari.

Akacheka, akauliza, "Mjomba, hiyo dakika moja ndiyo iliyokuua Emali?"

Nikamwambia ndiyo, hiyo na oili niliyoiahirisha. Tabo haikunikosea. Mimi nilikuwa na haraka ya chai, na baadaye nikawa na haya ya kukiri, nikawarithisha watoto wa dada yangu woga ambao haukuwa wa haki. Kama wapo wengine walionisikia barazani wakaamini, wanisamehe.

Kuhusu cherehani, nilimwambia awajibu rafiki zake kwamba cherehani ndiyo iliyowavika kanzu walizozivaa.