Majengo ya Machakos: Nyumba ya Pwani Iliyopanda Bara

Mtu wa pwani akitajiwa Machakos hufikiria milima ya Iveti, maembe na vinyago vya Wakamba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mji huo nao una mtaa uitwao Majengo, jina lile lile la mtaa wa Mombasa. Majengo mengine yako Nairobi, Nyeri na Thika. Jina hilo halikutapakaa kwa bahati tu. Lilipanda na watu, na watu hao walipanda na namna yao ya kujenga. Siku hizi, ambapo ghorofa zinameza nyumba za udongo katika miji ya bara, yafaa tujiulize: nyumba hizo ni za nani, na kwa nini nyingi zilidumu kuwa za udongo miaka yote hiyo?

Uhusiano wa Ukambani na pwani ni wa kale. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara, wakiteremsha pembe za ndovu mpaka Mombasa na kurudi na nguo na shanga. Baadaye wafanyabiashara wa pwani nao wakaanza kupanda wenyewe. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, iliweka kituo chake cha bara mwaka 1889 penye jina la Masaku, mkuu wa Wakamba. Wenyeji wanauita mji huo Masaku hadi leo. “Machakos” ni ulimi wa Wazungu. Wapagazi, askari, wapishi na wakalimani wa misafara wengi wao walikuwa watu wa pwani, au watu wa bara waliosilimu na kushika mwendo wa pwani. Kandokando ya vituo kama hivyo ndipo vijiji vya Waswahili vilipozaliwa, pamoja na misikiti na vyuo vya Kurani.

Serikali ya Kiingereza ilipotwaa nchi mwaka 1895, John Ainsworth aliutawala mkoa wa Ukamba akiwa Machakos. Lakini reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita nyanda za Athi, ikaiacha Machakos kando. Ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huo huo Ainsworth akahamia huko. Kwa hiyo Machakos ni kaka wa Nairobi kwa umri, ingawa mdogo ndiye aliyerithi ufalme.

Na tuitazame nyumba yenyewe. Ramani ya nyumba ya Majengo mtu wa pwani haimpotezi. Mbele pana baraza, mahali pa mazungumzo na salamu za wapita njia. Mlango unaingia kwenye ukumbi mrefu unaoipasua nyumba katikati, vyumba huku na vyumba huku. Mwisho wa ukumbi ni uwani, penye jiko na choo, na ndiko wanawake wanakofanyia shughuli zao kwa sitara. Kuta ni za fito na udongo, zimekandikwa na pengine kupakwa chokaa. Kilichobadilika bara ni paa: minazi haikuwako, basi makuti yakaachia nafasi nyasi, madebe yaliyonyooshwa, na mwisho mabati.

Nyumba hiyo haikuwa makao tu, bali ilikuwa riziki. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akavipangisha kwa wageni waliokuja mjini kutafuta kazi. Katika Pumwani ya Nairobi, wanawake wengi walijipatia nyumba kwa njia hiyo, wakawa wenye mali katika mji ambao haukuwa na nafasi kubwa kwao.

Sasa tulijibu swali la udongo. Wako wasemao kwamba watu wa Majengo hawakupenda maendeleo. Hiyo si haki. Katika vijiji vya Waswahili vya bara, mtu aliweza kumiliki kuta na paa, lakini ardhi ilikuwa ya serikali, naye akakaa juu yake kwa leseni ya muda. Ni nani atakayetia mawe na saruji juu ya ardhi anayoweza kuamriwa aiache? Watu wa Pangani ya Nairobi waliliona hilo kwa macho yao: kijiji chao kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo katika nyumba za baraza la mji. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Nyumba bila ardhi tunaijua. Udongo, basi, haukuwa uvivu. Ulikuwa hesabu ya mtu mwenye akili asiyekuwa na hati.

Mambo leo yamegeuka. Tangu mwaka 2013 Machakos ni makao ya serikali ya kaunti, na chuo chake kikuu kilipewa hati kamili mwaka 2016. Wafanyakazi na wanafunzi wanataka vyumba, na kiwanja kilicho karibu na katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Hapo ndipo hatari ilipo. Mzee hufariki akaacha warithi wengi na karatasi chache. Mirathi haigawiwi kwa wakati. Mrithi mmoja huuza, na wengine huzinduka ghorofa imefika dari ya pili.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya kihistoria kulindwa. Mji wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Lakini macho yetu yamezoea kuona historia penye mawe na milango ya nakshi. Wajerumani wameonyesha njia nyingine: mwaka 2008 mitaa sita ya nyumba za kawaida za mji wa Berlin, iliyojengwa kati ya 1910 na 1933 ili watu wa kipato kidogo wapate makao bora, iliingizwa katika orodha hiyo hiyo. Si majumba ya wafalme. Ni nyumba za wapangaji.

Hatusemi watu wa Majengo waishi milele chini ya paa linalovuja ili wengine wapate kitu cha kutazama. Wanastahili maji, vyoo safi na kuta imara. Lakini hatua ya kwanza iwe ardhi: mwenye nyumba apewe hati kabla ya kuambiwa ajenge upya. Ya pili, wenye nyumba wapeleke mirathi yao mbele ya Kadhi mapema, kila fungu lijulikane. Ya tatu, nyumba zilizosalia zipimwe, zipigwe picha, na wazee waulizwe majina na nasaba zake wangali hai. Nyumba mpya ya mawe yaweza kabisa kuwa na baraza, ukumbi na uwani, na mwenyewe akabaki ndani yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Majengo yamekaa bila daftari muda mrefu mno.