Kabla ya kufunga injini, andika

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe. Wikendi 3 mfululizo nimekuwa na grisi hadi kwenye viwiko huko Ruiru, nikimsaidia mjomba wangu na fundi wake kufunga injini ya lori nyumbani. Kwa hivyo leo sitaandika kuhusu programu. Au tuseme nitafika huko kwa kuzunguka.

Lori lenyewe ni Mitsubishi Canter ya zamani, injini ya 4D33: dizeli, silinda 4, lita 4.2, pampu ya kimakanika, hakuna kompyuta popote. Linabeba mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, karibu na Juja. Likilala siku moja, mjomba hapati kitu, dereva hapati kitu, na tanboi pia. Lilichemka njiani, hedi ikapinda, ikabidi injini yote ifunguliwe. Karakana moja ya Thika ilinyoosha hedi na kuingiza slivu mpya. Kranki ilionekana nzuri, ikapigwa polishi tu. Halafu tukarudisha kila kitu Ruiru, tukatandika turubai chini ya mwembe, tukaanza kufunga.

Sasa sikilizeni. Ukifungua injini namna hii unabadilisha na beringi za kranki. Beringi za zamani huwa zimepigwa chapa ya saizi kwa nyuma, lakini zetu zilikuwa zimeshachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mjomba akasema kranki haijawahi kuchongwa. Nikaenda Kirinyaga Road, Nairobi, nikanunua saizi ya kawaida.

Fundi hakumwamini mtu. Alilaza kipande cha uzi wa plastiki, ule wa kupimia, juu ya kranki, akafunga kepu, akakaza kwa spana ya toki, akafungua tena. Uzi unatakiwa kulala bapa, na upana wake ndio unakuambia nafasi iliyobaki ya oili. Wetu ulikuwa mviringo vilevile, haujaguswa. Akaazima maikromita kwa jirani. Kranki ilikuwa imepungua milimita 0.25. Iliwahi kuchongwa!

Kama hujui injini utasema robo milimita ni nini. Nafasi inayotakiwa pale ni sehemu chache tu za mia moja za milimita. Ukiongeza 0.25, oili inakimbia pembeni, presha inashuka, konrodi zinaanza kugonga. Lori lisingefika Juja likiwa zima, na pesa zote za Thika zingekuwa zimekwenda na maji.

Mjomba akakaa chini akafikiri, ndipo akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma, kabla hajalinunua lori, mwenye lori alisema "iliguswa kidogo". Na fundi aliyeligusa? Alishafariki. Kipimo alikuwa nacho kichwani, akaenda nacho.

Hapo ndipo nilipo leo. Maoni yangu ni haya: ukarabati wa injini ambao haukuandikwa haujaisha, hata kama injini inanguruma vizuri. Huko huko Thika kuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya. Magari yanaunganishwa pale kwa vipimo vilivyoandikwa, bolti hazikazwi kwa kukisia. Kwa nini gari lile lile likishafika uani kwetu liishi kwa kumbukumbu ya mtu mmoja?

Nilimwambia fundi hivyo. Alicheka, akanijibu jambo ambalo bado linanisumbua: "Kijana wangu, nikikuandikia kila kitu, kesho utampelekea fundi wa bei rahisi hiyo karatasi. Mimi nitakula nini?"

Sikuwa na jibu pale pale. Ni swali la haki. Elimu yake hakuipata chuoni, aliipata kwa kuungua mikono, na ndiyo shamba lake. Lakini nimelifikiria, na naona karatasi inamlinda kuliko inavyomwibia. Lori likirudi linagonga, ataonyesha alifunga nini na kwa kipimo gani, badala ya kubeba lawama za mwingine. Na jina lake likiwa pale chini, kila atakayefungua injini ile atajua kazi safi ilikuwa ya nani. Ila karatasi isiwe ya bure. Mwenye gari ailipie, kama anavyolipia gasketi.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja tu:

- Tarehe, na kilomita zilizo kwenye dashibodi
- Saizi ya kranki na ya beringi
- Slivu, pistoni na ringi: saizi na zilikonunuliwa
- Hedi imenyooshwa kiasi gani, na gasketi ya unene gani
- Nguvu iliyotumika kukaza bolti za hedi, kepu za kranki na za konrodi
- Nafasi ya vali
- Jina la fundi

Piga picha pia kabla ya kufungua chochote. Alama za gia za taimingi, mahali pa kila paipu, kepu ipi ilikaa wapi (kepu hazibadilishani, kila moja ina kwake). Simu unayo mfukoni.

Na ninyi waandika programu wenzangu msicheke. Mimi niliwahi kufungua programu moja nikauliza, ni mjinga gani aliandika hivi bila maelezo hata mstari mmoja? Nikaangalia jina. Lilikuwa langu, miezi 6 nyuma. Tunawasema mafundi wa jua kali wakati sisi tunafanya yale yale tukiwa na kiyoyozi.

Tulirudi Nairobi tukabadilisha beringi, safari hii 0.25. Uzi ukalala vizuri. Tukazungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili kabla ya kugusa stata, tukatoa hewa kwenye dizeli, ikawaka mara ya tatu. Lori limerudi Ndarugo. Karatasi iko ndani ya kebini, kwenye mfuko wa nailoni, imeandikwa kwa mkono wa fundi mwenyewe. Mjomba alimwongezea kidogo kwa ajili yake, na fundi akaomba nakala akae nayo.

Haya, tuonane wiki ijayo, nikiwa nimenawa mikono.