Shairi langu mmelinyoosha, na elfu kumi mmechukua

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Tulikuwa na majaribio matatu kwa mpigo, halafu andalio la somo nililoliandika mara nne kwa sababu mhadhiri kasema malengo yangu "hayapimiki". Habari hizo nitawapa siku nyengine. Leo n'na hasira, tena si za leo, nimezipika siku kumi kwa moto mdogo.

Kisa chenyewe hiki. Mwaka jana kabla ya mitihani lilitangazwa shindano la mashairi. Jina sitolitaja, na nyie msilitaje kwenye maoni, tafadhali, nakujueni. Ada ya kuingia shilingi 10,000, ulipe kwa simu, ujaze fomu, utume. Bumu lilikuwa limeshaota mbawa, nikala urojo bila ya mishikaki wiki mbili ili nipate hiyo elfu kumi. Nikatuma shairi la beti saba, tarbia, mizani nane kwa nane, juu ya bibi yangu wa Makunduchi anayelima mwani. Nililitunga daftari likiwa juu ya goti, ndani ya gari la shamba, na nililihesabu mizani kwa vidole mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama nasoma uradi.

Kimya. Mwezi, miezi miwili, mitano. Hakuna "tumepokea", hakuna "pole, hukushinda". Nilipopiga simu ikaita tu. Nikasema basi, riziki ya mwengine, nikasahau.

Wiki mbili zilizopita binamu yangu kaingia stesheneri moja mjini kutoa kopi, kaona kijitabu, kafungua, kakuta jina langu. Kanipigia kwa furaha, "Dada, umetoka kitabuni!" Nikaacha mhadhara (nisameheni, walimu wangu), nikapanda daladala mpaka Darajani, nikakinunua. Shilingi 15,000. Yaani nimelipa kuingia na nimelipa kutoka, kama mtu anayekodi nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nikakaa kwenye baraza nikasoma. Beti ya tatu vina vyangu vya mwisho vilikuwa "mbali", "kweli", "skuli", "ukali". Mhariri wao kaona "skuli", kaiona chafu, kaweka "shule". Mbali, kweli, shule, ukali! Mtoto wa kidato cha pili aliyefundishwa vina wiki moja angeliona. Beti ya tano nilisema "mwani", wao wameandika "majani". Mwani ni mizani mbili, majani ni tatu, kwa hiyo kipande changu cha nane sasa kina tisa na kinachechemea kama baiskeli yenye pancha. "Mie" zangu zote zimekuwa "mimi", na kila "n'na" imenyooshwa ikawa "nina". Chini kabisa, jina langu. Langu hasa, la baba na la babu.

Watu wote watakaonunua kijitabu kile wataamini mimi ndiye nisiyejua kina.

Jumamosi nikakipeleka shamba. Bibi hajui kusoma maandishi yetu haya, anasoma Msahafu, basi nikamsomea. Alikuwa anafurahi, anatikisa kichwa. Nilipofika beti ya tano akaninyamazisha kwa mkono. "Majani? Majani gani haya, mwanangu? Ya mbuzi?" Nikamwambia wamebadilisha wenyewe. Akasema, "Kwani wao wameshawahi kuingia maji?" Halafu akaendelea na kazi zake. Na mimi hapo ndipo hasira zilipopanda kweli, maana mpaka dakika ile nilikuwa najionea huruma mwenyewe tu.

Sasa niseme ninachotaka kusema.

Kwanza la kwangu, nisije nikaonekana malaika. Ile fomu ilikuwa na sentensi inayosema kazi zote zitakazowasilishwa zitakuwa mali ya waandaaji. Kazi ZOTE. Si za washindi peke yao. Nilitia tiki bila ya kusoma, saa sita za usiku, bando linakata. Kosa langu nalikubali. Ila tiki ya saa sita haimgeuzi mtu mwengine kuwa mtunzi. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki tangu mwaka 2003. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mkataba huo unasema mtunzi, hata akishauza haki za kuchapisha, bado anaweza kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kununua shairi ni jambo moja. Kulivunja mguu kisha ukaniandikia mie jina ni jambo jengine.

La pili ni hili la lugha, na hapa nataka mkae vizuri.

Mwaka 1928 walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Cha hapa. Cha huu Mji Mkongwe na viunga vyake. Miaka karibu mia baadaye mtu anamnyoosha Muunguja Kiunguja chake! Na hiyo "skuli" si lugha ya mtaani hata kidogo, angalieni vibao njiani, Wizara yetu ya Elimu yenyewe inaandika skuli. BAKIZA wametoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, watu wazima wamekaa wakakusanya maneno hayo mmoja mmoja kwa wazee. Hayati mzee Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu, aliyefariki 2021, alitunga maisha yake yote bila ya kuogopa maneno ya kwao, na leo tunamsoma darasani kwa heshima zote. Akifa mtu tunamsifu kwa lahaja yake. Akiwa hai, ana miaka ishirini na mbili na analala hosteli, tunamsahihisha.

Mtaniambia mashindano yanataka sanifu, ndiyo masharti ya dunia. Si kweli, na mfano upo karibu. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014. Mwaka 2015 upande wa ushairi kashinda Mohammed K. Ghassani, mtoto wa Pemba, na diwani yake inaitwa N'na Kwetu. Itazameni hiyo "N'na" imekaa juu ya jalada. Hakuna aliyeishika sikio akaiambia iwe "nina". Mwaka wa pili yake ikashinda diwani inayoitwa Haile Ngoma ya Wana, nayo haikubadilishwa nguo kwanza. Majaji wanaojua kazi yao hawaogopi neno, wanauliza limekaa mahala pake au halikukaa.

Na hapa niwageukie wenzangu, maana si waandaaji peke yao. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu, namheshimu sana, nilipomuonesha kijitabu kanambia, "Dada, si umechapishwa? Wengine wanaitafuta nafasi hiyo kwa tochi." Wengine mkacheka, mkasema mashindano yote yana wenyewe, ukituma usitume ni sawa, washindi wanajuana. Haya maneno mawili yanaonekana tofauti lakini ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza linasema kubali lolote utakalopewa. La pili linasema usitake chochote. Yote mawili yanakuacha umekaa kantini unakula mandazi.

"Yana wenyewe"! Zainab Alwi Baharoon, mwanamke wa hapa hapa Zanzibar, kashinda riwaya mwaka 2018 na Mungu Hakopeshwi. Angelisikiliza baraza za aina yetu, mswada ungelikuwa mpaka leo chini ya godoro. Na tukirudi nyuma zaidi, kuna mtu wa Makunduchi (ndiyo, kwetu, nacheka peke yangu hapa) anaitwa Muhammad Said Abdulla. Kazaliwa 1918, mwaka 1948 kawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Akaandika hadithi ya upelelezi, akaipeleka kwenye shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, akashika namba moja. Kitabu kikatoka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa na kiko chake wakazaliwa. Sote tumemsoma Bwana Msa. Njia aliyopitia kutufikia ni bahasha ya shindano. Kwa hiyo mie siyachukii mashindano, msinilishe maneno. Nayataka mno, ndiyo maana nimeumia.

Ninachokichukia ni biashara inayovaa kanzu ya mashindano. Marekani kulikuwa na mashindano ya aina hiyo miaka ya 1990, karibu kila aliyepeleka shairi aliandikiwa barua kuwa kafika nusu fainali, halafu anauziwa kitabu kinene chenye shairi lake na ya maelfu ya wenzake. Wateja walikuwa ni watunzi wenyewe na mama zao. Hesabuni basi kijitabu changu: kina watunzi wengi, kila mmoja kalipa elfu kumi, kila mmoja atanunua kopi yake na ya nyumbani kwao. Uchapaji umeshalipwa kabla msomaji wa kweli hajaingia dukani.

Mtu atasema: waandaaji nao wapate wapi hela, wino haunyeshi. Sawa kabisa. Toza ada, siikatai ada kwa sababu ni ada. Lakini ukichukua elfu kumi ya mwanafunzi unadaiwa jibu, hata la mstari mmoja, hata la "hukufika". Unadaiwa kumuonesha marekebisho kabla ya mashine. Na aliyeshindwa mrudishie shairi lake, umeshaamua hulitaki, sasa unalishikilia la nini? Hizo Jumuiya ya Madola wana shindano la hadithi fupi, kuingia ni bure, na hadithi za Kiswahili wanapokea kwa Kiswahili chake bila ya kutafsiriwa kwanza. Maneno kati ya 2,000 na 5,000, mshindi wa kanda pauni 2,500, wa jumla pauni 5,000. Bure! Na sisi huku kijitabu cha kubana kwa pini kinataka ada, kinataka mali, na kinataka shukurani.

Sasa kuna jambo sijalisema, na nimelizunguka toka mwanzo wa barua hii.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya shamba, kidato cha pili. Niliwapa insha, "Siku nisiyoisahau". Kijana mmoja kaandika juu ya baba yake aliyekuwa kazini Pemba. Sentensi yake ya mwisho ilikuwa fupi tu, inasema usiku ule baba kaja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia "kaja", pembeni nikaandika "amekuja", nikamkata maksi moja. Alipopokea daftari akanyanyua mkono, "Mwalimu, kwani kaja hakueleweka?" Darasa zima likacheka, na mie nikacheka nao, nikamwambia mtihani hautaki maneno ya nyumbani.

Mtoto hakunyanyua mkono tena mpaka nimeondoka.

Nilikumbuka hayo pale pale kwenye baraza la Darajani, kijitabu kiko mkononi. Yule mhariri simjui, lakini najua kalamu yake ina rangi gani. Najua na chuo gani tunapofundishwa kuishika. Kwenye mtihani wa taifa huenda nisingeweza kumsaidia, mfumo ni mfumo, ila ile ilikuwa insha ya darasani, na ningeliweza kuandika pembeni kwamba neno hili hapa limekaa, kwenye mtihani utatumia lile. Mistari miwili. Sikuandika.

Kwa hiyo wiki hii nimefanya mambo mawili. Nimewaandikia waandaaji barua ya heshima, ukurasa mmoja, beti ya tatu na ya tano kama nilivyozituma na kama walivyozitoa, nawaomba toleo lijalo warekebishe au waliondoe shairi na jina langu. Sijajibiwa, nitawaambieni wakijibu. Na nimempigia mwalimu wangu mlezi wa ile skuli, nimemuomba amwambie yule kijana maksi yake moja naijua ilipo.

Hadithi za Jumuiya ya Madola kwa kawaida mlango hufungwa mwanzo wa Novemba. Ya kwangu ina maneno 1,300, bado inatafuta nyama. Ijumaa baada ya sala ya alasiri nitakuwepo kantini, meza ya karibu na dirisha, na masharti nimeshayatoa printi, kurasa zote. Anayetaka tuyasome mstari kwa mstari aje. Kaka wa mwaka wa tatu na wewe karibu, mandazi juu yako.