Bango la Siasa na Bango la Ibada

Mjini Gilbert, Arizona, nchini Marekani, kanuni ziliruhusu bango la siasa kufikia futi za mraba 32 na kusimama kwa miezi. Bango la kuelekeza waamini ibadani lisizidi futi 6, na sharti liondolewe ndani ya saa moja baada ya ibada. Mchungaji Clyde Reed alishtaki, na mwaka 2015 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walimpa ushindi.

Twaona walitenda haki. Mji na upime ukubwa, mahali na muda wa mabango. Usisome ujumbe kwanza ndipo upime. Nasi tunaoidai haki hiyo kwa ajili ya ibada, tusimnyime jirani ambaye bango lake halitupendezi.