Kimeo cha mtoto kina kazi yake

Anayetawadha husukutua kinywa, kisha hupandisha maji puani. Ni milango miwili, lakini nyuma yake njia hukutana kooni. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alihimiza kupandisha maji puani kwa ukamilifu, ila kwa aliyefunga: maji ya puani huweza kushuka hadi tumboni.

Mahali njia hizo zinapokutana huning'inia kimeo, kinyama kidogo kwenye ukingo wa kaakaa laini. Tunapomeza uji au mchuzi wa sato, kaakaa hilo huinuka pamoja na kimeo na kuziba njia ya pua, chakula kisitokee puani. Kimeo pia hutoa ute unaolainisha koo. Pua nayo hunasa vumbi kwa vinyweleo na ute wake, na huipasha hewa joto kabla haijafika mapafuni.

Hapa Mwanza, kama kwingineko Kanda ya Ziwa, mtoto akikohoa siku nyingi hakosekani wa kusema: "Ana kimeo huyu, apelekwe akakatwe." Ni kweli kwamba koo likiugua, kimeo nacho huweza kuvimba. Lakini uvimbe huo ni matokeo ya maradhi, si chanzo chake. Kikohozi huletwa na mafua, pumu, nimonia au kifua kikuu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoponywa kwa wembe. Wembe huo huweza kuleta kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI. Na siku zinazopotea kwa mkataji, nimonia huzidi kujichimbia kifuani.

Mzazi, mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kikohozi kilichofikisha wiki 2 kichunguzwe kifua kikuu.

Bibi akishauri kimeo kikatwe, asijibiwe kwa ukali. Naye anamtakia mjukuu wake uzima. Aelezwe kwa adabu, kisha aombwe afuatane nanyi hospitalini. Mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu.