UCHAMBUZI: Hatari ya kupiga mbizi Pwani asubuhi na kulala Kangema usiku

MKAZI wa Kangema, Kaunti ya Murang'a, aliyekwenda likizo Diani anaweza leo kupiga mbizi asubuhi, akapanda gari moshi alasiri na kulala kwake usiku uo huo.

Tangu Madaraka Express ianze kuhudumu mwaka wa 2017, safari ya Mombasa hadi Nairobi huchukua takriban saa tano. Kwa ndege, ni muda usiozidi saa moja. Hata hivyo, kwa mtu aliyetoka kuvuta hewa ya mtungi chini ya bahari, wepesi huo wa usafiri unaweza kugeuka balaa.

Watalii wa humu nchini wanazidi kuhimizwa kuzuru Pwani, na wengine hawatosheki tena na kuogelea ufuoni. Huvaa mitungi na kuteremka kutazama matumbawe ya Watamu na Kisite, au meli ya MV Dania iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka wa 2002. Swali ni iwapo wanaelezwa yote wanayopaswa kujua kabla ya kurejea makwao.

Kila mita 10 mtu anapozama, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa sababu hiyo, nitrojeni iliyo katika hewa anayovuta huyeyuka kwa wingi katika damu na misuli.

Akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini, mithili ya chupa ya soda inayofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huumiza viungo, hutia ganzi, na yakifika kwenye uti wa mgongo huweza kumpoozesha mtu.

Siri hii si ngeni. Mwaka wa 1908, mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua baada ya kufanya majaribio kwa kutumia mbuzi katika chumba cha shinikizo.

Siku hizi mafunzo mengi husisitiza mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika. Aidha, mpiga mbizi hushauriwa kutua kwa dakika tatu akiwa mita 5 kutoka juu. Pumziko hilo ni la tahadhari. Aliyekaa chini kupita muda uliowekwa hulazimika kutua kwa muda mrefu zaidi, na hapo hana hiari.

Watu wa Kangema hawahitaji kufunzwa maana ya kudhibiti mwendo. Aliyekuwa mbunge wao, marehemu John Michuki, ndiye aliyewalazimisha wenye matatu mwaka wa 2004 kuweka vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa pamoja na mikanda ya usalama. Sheria hizo zilifaulu pale polisi walipozisimamia, na zikalegea pale waliposinzia.

Chini ya maji hakuna polisi wa trafiki. Mpiga mbizi ndiye dereva, ndiye abiria, na ndiye atakayeadhibiwa.

Taifa lilipata somo hili kwa uchungu huko Likoni. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwa feri ya MV Harambee, na mama na bintiye wakafariki. Gari hilo liliopolewa Oktoba 11, baada ya kupatikana katika kina cha takriban mita 58.

Katika siku hizo wananchi wengi walighadhabika na kuuliza kwa nini kazi ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kobe. Hasira hiyo ilieleweka, kwani familia ilikuwa ikisubiri. Lakini katika kina hicho shinikizo hukaribia mara saba ya lile la ufuoni, na ni mbali kupita mita 40 ambazo ndizo kikomo cha wanaopiga mbizi kwa burudani. Kumharakisha mpiga mbizi kutoka huko ni kuhatarisha uhai mwingine.

Jambo lisilozungumziwa sana ni kwamba kupanda hakuishii kwenye uso wa maji. Nitrojeni huendelea kutoka mwilini kwa saa nyingi. Ndiyo maana wataalamu hushauri mtu asubiri saa 12 kabla ya kupanda ndege iwapo alizama mara moja tu, na saa 18 iwapo alizama mara kadhaa. Aliyelazimika kutua kwa muda mrefu akipanda anapaswa kusubiri zaidi ya hapo, na wengi hupendekeza saa 24.

Miongozo hiyo ilitungwa kwa kuzingatia hewa ya ndani ya ndege, ambayo hulingana na ya mahali palipoinuka kati ya mita 600 na 2,400. Nairobi, Kangema, Nyeri na Nanyuki zote zimo katika kiwango hicho. Mwili hautofautishi ndege na mlima, na abiria wa ndege hushuka baada ya muda ilhali mkazi wa nyanda za juu hubaki huko huko.

Hatari ya pili ni kutotambuliwa kwa ugonjwa. Maumivu ya viungo, uchovu na kizunguzungu hudhaniwa kuwa malaria au machovu ya safari. Mgonjwa akipewa dawa za kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani, muda wa kumtibu kwa oksijeni na chumba cha shinikizo hupotea.

Hivyo basi, ni wajibu wa wenye biashara ya kupiga mbizi kumuuliza kila mteja swali moja kabla ya kumkodisha mtungi: utarejea nyumbani lini, na nyumbani ni wapi? Naye mteja apange kuzama siku za mwanzo za likizo, na siku ya mwisho abaki ufuoni. Akiugua baadaye, jambo la kwanza kumweleza daktari liwe kwamba alipiga mbizi, hata kama hajaulizwa.

Mwenda pole hajikwai, na kwa anayetoka vilindini kuelekea milimani, upole huo hupimwa kwa saa.