Maktaba Itufungulie Kitabu, Isituonyeshe Rafu

Mwezi uliopita alikuja kliniki mama wa miaka 38, midomo imepauka, akihema kwa kupanda ngazi tu. Wingi wa damu yake ulikuwa gramu 5 kwa desilita. Kwa miezi kadhaa alikuwa akipata hedhi nzito kwa sababu ya uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, na muda wote huo alikuwa akinywa unga alioununua kupitia Instagram. Nilimwomba anionyeshe tangazo. Nakiri lilitengenezwa vizuri: picha safi, Kiswahili chepesi, na muuzaji anayejibu maswali hata usiku wa manane.

Jioni ile nilifungua ukurasa wa maktaba moja ya tiba ninaoufuata. Nilikuta mgeni rasmi akikata utepe, rafu mpya, washiriki wa warsha wamejipanga mistari mitatu, na saa za kufungua. Kuhusu fibroidi hapakuwa na neno hata moja, ingawa vitabu vya magonjwa ya wanawake vimejaa humo ndani.

Kwa maoni yangu, maktaba hujitangaza vyema zaidi inaposomwa, hata kama ni kwenye kioo cha simu. Agosti 2018, Maktaba ya Umma ya New York ilianza kuweka vitabu vizima Instagram, katika sehemu ya picha zinazotoweka baada ya saa 24, kisha ikazihifadhi kwenye ukurasa wake zisipotee. Msomaji alibonyeza kioo kwa kidole gumba ukurasa usimame, akakiinua ugeuke. Miongoni mwa vitabu hivyo kilikuwamo The Yellow Wallpaper cha Charlotte Perkins Gilman, hadithi ya 1892 ya mwanamke aliyetoka kujifungua, ambaye mumewe, tena daktari, anamwamuru apumzike na kumkataza kuandika. Sisi madaktari wa wanawake tungefaidika kuisoma.

Wakutubi wetu wanaweza kufanya jambo kama hilo kwa picha sita tu: fibroidi ni nini, kwamba karibu zote si saratani, kwamba nyingine hazihitaji tiba, dalili za kuwahi hospitali, tiba zilizopo, na mwisho jina la kitabu na mahali kilipo rafuni. Daktari athibitishe maudhui, mkutubi atafute chanzo, kwani kutafuta anakujua kuliko sisi. Wengi wetu tulioneshwa na mkutubi namna ya kutumia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unaotufungulia majarida tusiyoweza kuyalipia.

Wenzangu huhofia picha za wagonjwa. Hofu hiyo ni ya haki, nami ningezipiga marufuku kabisa, michoro inatosha. Kinachonisumbua zaidi ni maswali yatakayoandikwa chini ya picha. Swali lisilojibiwa na maktaba litajibiwa palepale na muuza unga. Kama hakuna mtu aliyepangiwa zamu ya kujibu, ni heri sehemu ya maoni ifungwe.

Yule mama aliongezewa damu, na sasa anasubiri upasuaji. Kabla ya kuondoka wodini aliniuliza ni wapi anaweza kusoma kuhusu ugonjwa wake kwa Kiswahili. Sikuwa na cha kumtumia, nikamchorea kizazi na uvimbe wake nyuma ya fomu ya maabara. Akaupiga picha mchoro ule, akamtumia dada yake.